Matone Mkononi mwa Mkwe

Kama uko kwenye benchi la kitengo cha macho sasa hivi, jicho moja limefunikwa na lile lingine linatiririka kwa kumhurumia mwenzake, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Ukishindwa kusoma, mtu akusomee. Mimi nilikalia benchi kama hilo tangu mavuno ya mahindi hadi mvua za kupanda, na nikafanya makosa mawili yaliyokaribia kunipofusha. La kwanza hufanywa na watu wengi. La pili nadhani ni sisi wa huku tu tunaoweza kulifanya, na ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Bungoma, mjane, na wakati huo nilikuwa nimebakisha miaka miwili nistaafu. Jicho langu la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho wa miaka mingi. Nililitumia kutambua mlango uko wapi, basi. La kushoto ndilo lililokuwa mwalimu. Ndilo lililosahihisha madaftari, na ndilo lililomwona anayetafuna muwa nyuma ya darasa akidhani amejificha.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ule uliotuumiza. Tulikuwa tunapiga mahindi. Kazi yenyewe unaijua: unajaza mahindi makavu kwenye gunia, unafunga mdomo, unalitandika fimbo mpaka punje ziachane na magunzi. Kapi moja likatoka kwenye tundu la gunia likanipiga jicho la kushoto. Nikanawa kwa maji ya mtungi, nikaendelea. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, na mahindi hayangojei mwenye jicho.

Kesho yake jicho likawa jekundu. Jirani yangu Nafula, mtu wa roho safi kabisa, akaja na kichupa cha matone kilichobaki mtoto wake alipougua macho.

"Weka hii, mwarimu," akaniambia. "Ya mtoto iriisha siku mbiri tu."

Nikaweka. Wekundu ukapungua, nikamshukuru Nafula mbele ya kanisa zima. Kumbe dawa ile ilituliza wekundu tu, na huku chini kidonda kilikuwa kinachimba. Siku ya sita sikuweza kufungua jicho mbele ya dirisha. Mwanga wa asubuhi, huu wa kawaida wa Mungu, ulinifanya nijifunike leso na kupiga kelele. Afisa wa hospitali mjini Bungoma aliniangalia kwa tochi, akaniuliza nimeweka nini. Nikamwonyesha kichupa. Alitikisa kichwa, akaandika barua ya kunipeleka Kitale siku hiyo hiyo.

"Dawa ya macho si ya kuazimana, mama," akasema. "Hii inafaa jicho moja, inaua lingine."

Hilo ndilo kosa la kwanza. Usilirudie.

Kitale nililazwa. Walisema ni kuvu, imetoka kwenye mahindi, imekaa kwenye kioo cha mbele cha jicho na kukichimba. Dawa ilikuwa matone ya kila saa, mchana na usiku, na wauguzi walikuja bila kukosa. Wodini sikujua tarehe. Nilihesabu vichupa: cha kwanza, cha pili, cha tano. Krismasi ilinikuta kwenye kichupa cha sita. Kwaya ilikuja kutuimbia na kutugawia chapati, na nikaijua chapati yangu kwa harufu, maana uso wangu ulikuwa umeelekea ukutani.

Hakuna aliyeniambia jinsi mwili mzima unavyougua kwa ajili ya kitu kidogo kama jicho. Kope zilivimba na kugandana. Shavu la kushoto lililegea kwa kukunja uso kutwa. Nililala chali mpaka mgongo ukaota madoa, na nywele zangu, ambazo sijawahi kuziacha bila kusuka tangu nilipoajiriwa, zikawa kichaka. Binti yangu Rosa alipokuja na uji alikuwa ananitazama, kisha anageuka kuukoroga tena. Kule kugeuka kwake nilikuogopa kuliko maneno ya daktari.

Mwezi wa kwanza kuvu ikaisha. Nikafurahi mapema. Kidonda kilikataa kufunga. Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, umri wa wanafunzi niliowafundisha nikiwa bado na kiuno. Siku hiyo alichukua kipande chembamba cha karatasi, akakining'iniza kwenye ukope wangu wa chini, akangoja kilowe machozi.

"Kuvu imekwisha, mama," akasema. "Sasa shida ni machozi yako."

"Nimelia sana, daktari. Nitajaribu kuacha."

Akacheka kidogo. "Si ya kulia. Ni haya ya kila siku. Yana vimeng'enya ndani."

Vimeng'enya nilivijua vya mate, vile vinavyoufanya ugali uwe mtamu ukiutafuna kwa muda mrefu. Sikuwahi kufikiri kwamba macho nayo yana vyake. Akanieleza hivi, nami nakupa kama nilivyopewa: machozi yana vibarua vya kusafisha kidonda. Vinafyeka nyama iliyokufa ili mpya iote. Lakini kidonda kikikaa sana, vibarua huzidi, na kama mfyekaji asiyeambiwa basi, hufika kwenye mahindi na kuyafyeka pia. Jicho langu lilikuwa linafyekwa na machozi yake lenyewe.

"Na wa kuviambia basi ni nani?" nikauliza.

"Damu yako."

Walinitoa damu mkononi, wakaizungusha kwenye mashine mpaka maji ya manjano yakakaa juu, wakayachanganya na kuyatia kwenye vichupa. Hayo ndiyo matone yangu mapya. Yalitakiwa kukaa kwenye baridi, na kuwekwa kila saa kuanzia asubuhi hadi wakati wa kulala. Alinipa karatasi yenye visanduku, kila saa kisanduku chake, niweke tiki. "Ukikosakosa," akasema, "jicho litatoboka, na likitoboka sina la kufanya." Kisha akaniambia kitanda changu kinahitajika, nikae karibu, nirudi kila Jumatatu na Alhamisi.

Karibu maana yake ilikuwa Tuwan, mtaa wa hapo Kitale, kwa Rosa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Rosa ameolewa na Wafula, fundi baiskeli. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwe hata mvua inyeshe ya mawe. Wengi wa siku hizi wameacha. Mimi sikuacha. Rosa alikuwa na miaka sita kwenye ndoa na sikuwa najua Wafula ana sura gani. Nilijua viatu vyake, na nilijua kikohozi chake, maana alikuwa anakohoa akija ili nipate muda wa kupita upande mwingine.

Kwa hiyo nikakataa. Rosa akalia, kisha akatumia akili. Kwenye ploti ile ile waliyopanga kulikuwa na Mama Zuhura, mwenye duka dogo karibu na msikiti. Alikuwa na chumba kitupu na friji ya soda. Akanipa chumba, na matone yangu yakalala kwenye friji katikati ya chupa za soda, yamefungwa kwa karatasi ya nailoni. Mama Zuhura alikataa shukrani. "Mgonjwa ni mgeni wa Mungu, mwalimu," akaniambia. "Wewe angalia juu tu."

Rosa alikuwa anafundisha chekechea. Aliniwekea matone kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Saa za katikati zilikuwa za Mama Zuhura. Mkono wangu mwenyewe haukufaa: ulikuwa unatetemeka, na jicho lilikuwa linajifunga kwa nguvu likiona kichupa kinakuja. Siku kumi zikapita hivyo. Adhana ya adhuhuri ilipolia nilijua nimefika nusu. Jumatatu daktari akasema kingo za kidonda zimeanza kusogea. Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Kisha dada yake Mama Zuhura, huko Bungoma, akafiwa na mume. Ilibidi aende akae naye. Aliniaga kwa huzuni mbili, na ufunguo wa duka akamwachia Wafula, kwa kuwa Wafula alikuwa anafanya kazi uwanjani hapo hapo, mbele ya nyumba zetu.

Rosa akaniuliza nitafanyaje mchana. Nikamwambia, "Mimi ni mtu mzima. Nitajiwekea."

Kila saa Wafula alikuwa anakuja na kichupa ndani ya bakuli la maji baridi, anakiweka kwenye kizingiti, anakohoa, anaondoka. Baada ya muda anarudi kukichukua. Mimi nilikuwa nakishika, nainamisha kichwa, natupa tone. Tone shavuni. Tone sikioni. Siku ya kwanza niliweka tiki baada ya kujaribu mara tatu. Siku ya pili niliweka tiki baada ya kujaribu mara moja. Siku ya tatu niliweka tiki bila kukishika kichupa.

Soma hapo tena. Mimi niliyewaadhibu watoto miaka thelathini kwa kudanganya kwenye rejista, nilikaa kwenye kitanda cha watu nikijaza visanduku vya uongo. Nilijiambia tone moja si kitu. Nilijiambia jicho limeshaanza kupona. Ukweli ni kwamba palikuwa na mtu mwenye mikono miwili mizima hatua kumi kutoka mlangoni, na niliona heri kupofuka kuliko kumwinulia uso.

Alhamisi daktari aliangalia karatasi kwanza. "Umejitahidi, mama," akasema. Kisha akaangalia jicho kwenye mashine yake.  Akaangalia tena karatasi.

"Hii karatasi na hili jicho hazisemi kitu kimoja."

Rosa alikuwa amesimama nyuma yangu. 

"Kioo kimebaki chembamba sana," daktari akaendelea. "Nakupa mpaka Jumatatu. Nani anakuwekea dawa mchana?"

Nikasema hakuna. Nikasema kila kitu, mpaka habari ya heshima yetu, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Alikuwa mtu wa mbali, hakujua desturi zetu, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Sitakuambia uache mila yako," akasema. "Lakini mimi nimefika mwisho wa kazi yangu. Iliyobaki ni ya mtu wa kukushikia ukope."

 Tulipofika mlangoni ndipo Rosa alipopasuka. "Mama, si ungeniambia? Ningeacha kazi! Unataka kupofuka, alafu mimi niambie watu nini? Ati mama alikuwa anaona haya?" Akanitilia tone la saa hiyo kwa hasira, akaenda shule kuwahi watoto wa watu. Nikabaki na saa moja mbele yangu.

Nilivuta kigoda, nikakaa mlangoni, mgongo umeelekea uwanja. Nyuma yangu Wafula alikuwa anakaza spoku za gurudumu. Nilisikia zikilia moja moja. Kuku wa ploti alikuwa anachakura miguuni pangu. Sikuweza kumwita Wafula kwa jina. Hata nilipojaribu, mdomo ulikataa.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti yangu ya darasani. "Mwambie huyo fundi kwamba jicho la mama limebaki kidogo litoboke. Mwambie mama alidanganya kwenye karatasi. Yale matone hakuweka."

Spoku zikanyamaza. Nikamsikia anakohoa, lakini hakuondoka.

"Gurudumu," akasema polepole, "ambia mama hata mimi nilijua. Hiyo chupa ilikuwa inarudi vile ilienda. Nilishindwa nitasema aje."

Hapo nikaelewa tulikuwa tumefanya nini. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na yeye akanyamaza kwa heshima, na katikati yetu jicho linakwisha. Nilihisi aibu ya aina nyingine, si ile niliyokuwa naiogopa.

"Kuku, mwambie fundi mama anaomba awekewe."

Nikasikia akiweka spana chini. "Gurudumu, ambia mama angoje. Nipigie mzee kwanza."

Alisogea kando na simu. Nilisikia upande wake tu. "Ndiyo, baba... Kila saa... Hapana, Rosa ako kazi... Macho ile mzuri, baba, ingine haioni... Ndiyo. Ndiyo." Aliporudi, gurudumu likapewa ujumbe: "Mzee amesema dawa si salamu. Amesema nibebe blanketi, hayo mengine wazee wataongea."

Aliosha mikono. Kwanza mafuta ya taa ya kutoa grisi, kisha sabuni, kisha brashi kwenye kucha, kisha sabuni tena. Nilihesabu maji aliyomwaga na kudhani hatamaliza. Halafu akaingia kwake, akatoka na blanketi la kitanda chake, akaliweka magotini pangu bila kunigusa. Kwetu blanketi ndiyo fidia ya mkwe anayelazimika kumgusa mama mkwe.

"Gurudumu, hii ni ya kushikilia tu," akasema. "Mpya itakuja."

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikageuza kigoda, akasimama mbele yangu.

"Angalia juu, mama."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mkwe wangu aliyoniambia mimi, si mlango, si gurudumu. Nikaangalia mabati. Kidole chake kikashusha ukope wangu, kikavu, kina harufu ya mafuta ya taa kwa mbali. Mkono uliozoea tundu la valvu haukutetemeka hata kidogo. Tone likaingia, baridi ya friji ya soda.

"Imeingia," akasema.

Nikaanza kulia. Sikulia siku kapi lilipoingia, wala Krismasi, lakini nililia hapo, mwanamke mzima na blanketi la mkwe magotini. Wafula alisimama kando akitazama ukuta. Baadaye akasema kwa upole, "Mama, Rosa alisema ukilia, dawa inaoshwa. Tungoje ikauke, alafu turudie."

Tukangoja. Kisha akarudia. Nikaweka tiki moja, na ilikuwa ya kweli.

Kuanzia siku hiyo mchana wote ulikuwa wake. Wateja walizoea kumwona fundi akiacha baiskeli imelala chali, ananawa, anaingia kivulini kwa mama mkwe, anatoka. Mmoja alimcheka, nikamsikia Wafula akimjibu, "Wewe leta tu hiyo pancha yako, bana." Jumatatu daktari aliangalia kwa muda mrefu akasema halijatoboka. Alhamisi akasema hivyo hivyo. Jumatatu iliyofuata akasema kioo kimeongezeka unene. Rosa akaanza kunisuka nywele. Blanketi jipya lilifika na baba yake Wafula, na wazee wakasema walilosema, nami nikalipokea kwa magoti.

Mvua za kupanda zilipoanza kidonda kilikuwa kimefunga. Kimeacha kovu, doa la moshi upande wa chini. Usiamini anayekuambia utarudi kama ulivyokuwa. Lakini nilisoma herufi ukutani mpaka mstari wa nne. Siku ya mwisho nilimpa daktari karatasi zangu zote. Zile tiki za uongo nilikuwa nimezikata kwa kalamu nyekundu, moja moja, na pembeni nimeandika sifuri. Alizitazama, akazikunja, akaziweka kwenye faili langu.

Nilirudi shuleni muhula wa pili, nikamaliza miaka yangu miwili nikisahihisha madaftari kwa jicho lile lile. Nafula nilimwambia habari ya kichupa bila kumlaumu, na alikitupa chooni mbele yangu akilia. Wewe uliye kwenye benchi, najua una mtu ambaye hutaki akuone ulivyo. Labda si mkwe. Mwite. Ukishindwa kumwita, mwambie kuku.

Watu huniuliza kama mimi na Wafula sasa tunasalimiana kama wazungu. Hapana. Jicho lilipopona heshima ilirudi mahali pake, na sote wawili tulipumua. Tukikutana kwenye njia ya soko Bungoma, anashuka kwenye baiskeli, anasogea pembeni, anageuza uso kwenye ua wa watu. Mimi napita nikitazama vidole vyangu vya miguu. Ila kila mara, kabla sijampita kabisa, namsikia akikohoa.

"Barabara," anasema, "uliza mama macho iko aje."

Nami najibu bila kusimama. "Barabara, mwambie mwanangu linaona."